Mzimamoto wa Ghuba Anayerudi Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Siku 90 za Mwisho Kazini

Wanaorudi wengi hukwama palepale: wanaanza na mabegi, wanamalizia na makaratasi. Televisheni imeshafika Mombasa, magodoro yako njiani kwenda Dar es Salaam, lakini cheti cha mafunzo kimebaki kwenye kabati la mkufunzi na vipimo vya mapafu viko kwenye kompyuta ya kliniki ya kampuni.

Kazi ya zimamoto ina tabia hiyo. Sehemu kubwa ya ushahidi wa ujuzi wako hauko mikononi mwako, uko kwenye mafaili ya kituo. Ukiwa bado zamuni, unaupata kwa kumwambia mtu. Viza ikishafutwa, unaupata kwa kuomba fadhila kwa simu ambazo hazipokelewi.

Mwongozo huu unamhusu Mkenya au Mtanzania aliyeajiriwa na kampuni binafsi Falme za Kiarabu (Imarati), iwe kiwandani, bandarini, uwanja wa ndege au ghala la mafuta, chini ya sheria ya kazi ya shirikisho. Aliye Qatar, Saudia au Oman anaweza kufuata mpangilio huu, lakini hesabu za malipo na notisi kwake ni tofauti. Hata ndani ya Imarati, maeneo huru ya kifedha ya DIFC (Dubai) na ADGM (Abu Dhabi) yana sheria zao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye zaidi ya miezi 6 mbele yake
- Mkataba wa kazi uliosajiliwa wizara ya kazi (MOHRE), si ile barua ya ofa uliyosaini nyumbani
- Hati za mshahara za miezi 12 iliyopita
- Ratiba ya zamu ya miezi mitatu ijayo
- Vyeti vyote halisi, pamoja na kadi za huduma ya kwanza
- Barua pepe binafsi, isiyo ya kampuni, na diski ya USB
- Laini ya simu ya nyumbani inayopokea ujumbe ukiwa Ghuba
- Futi ya kupimia maboksi na mizani ya kuning'iniza begi
- Akiba ya kuishi miezi mitatu nyumbani, ambayo haitegemei kiinua mgongo

Hicho cha mwisho ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kiinua mgongo kikichelewa wiki tatu tu, asiye na akiba hulazimika kukopa hata nauli ya basi.

## Hatua ya 1: Hesabu siku ulizo nazo kweli

Siku 90 zinasikika nyingi. Kwa mtu wa zamu ya saa 24 kazini na saa 48 nje, si nyingi. Siku ya kwanza uko kituoni, ya pili unalala, ya tatu ndiyo yako. Hapo una siku 30 za kwako.

Sasa toa wikendi. Ofisi za serikali hufungwa Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufunga saa sita mchana. Mzunguko wa siku tatu ukiuweka juu ya wiki ya siku saba, utabaki na siku kama 17 zinazoangukia Jumatatu hadi Alhamisi. Toa na sikukuu. Hizo ndizo siku zako za ofisini.

Weka jukumu moja kubwa kwa siku moja. Mihuri siku yake, benki siku yake, wakala wa mizigo siku yake.

Tahadhari: usiifanye siku ya kulala kuwa siku ya safari za ofisini. Kutoka Ruwais hadi mjini Abu Dhabi ni zaidi ya kilomita 200 za barabara iliyonyooka, na mtu aliyetoka kwenye usiku wa ving'ora vitatu husinzia kwenye usukani bila kujijua.

Umefanikiwa ikiwa: kalenda iko ukutani kambini, kila siku ya tatu ina kazi yake, na siku mbili au tatu zimeachwa wazi kwa ajili ya yale yatakayokwama. Lazima yatakuwepo.

## Hatua ya 2: Vyeti na barua ya utumishi

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, nayo inaanza zikiwa zimebaki siku 90, kabla hata ya kuandika barua ya kujiuzulu. Mwajiri akishajua unaondoka, jina lako huondolewa kwenye orodha ya kozi.

Huisha vyeti kwa gharama ya mwajiri. Kadi nyingi za huduma ya kwanza na kushtua moyo hudumu miaka 2. Ikiwa yako imebakiza miezi mitano, omba kuingia darasa lijalo. Utatua nyumbani na karibu miaka miwili kamili badala ya kulipia kozi mwezi wa pili baada ya kufika. Angalia pia kozi za kifaa cha kupumulia, za kazi kwenye nafasi finyu kama ndani ya matangi, na za kazi kwenye mwinuko.

Linganisha majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili, na kadi ya kampuni ina herufi moja katikati. Huko kazini kila mtu anakujua, kwa hiyo hakuna anayejali. Nyumbani, ofisa anayethibitisha vyeti atakurudisha. Marekebisho yanaombwa kwa chuo kilichotoa cheti, na majibu huchukua wiki kadhaa.

Hakiki namba za vyeti. Vyeti vya viwango vya NFPA, chama cha Marekani cha kinga ya moto, huwa na muhuri wa Pro Board au IFSAC, vyombo vinavyoidhinisha mafunzo ya zimamoto, na vyote viwili vina utaratibu wa kuthibitisha kupitia tovuti. Thibitisha sasa, uhifadhi nakala ya matokeo. Cheti kisichoonekana kwenye rejesta yao ni karatasi tu, hata kikiwa na rangi ya dhahabu.

Jambo jingine linalowachanganya watu: mwaka 2024 kiwango cha mzimamoto, NFPA 1001, kiliunganishwa na vingine kuwa NFPA 1010. Cheti chako cha 1001 hakijafa. Ila ukikutana na tangazo la kazi linalotaja 1010, ujue ni mtaala ule uliopangwa upya, usijitoe mwenyewe.

Omba barua ya utumishi yenye maelezo. Sheria inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi bila malipo unapomaliza, ukiomba. Tatizo ni kwamba ofisi ya wafanyakazi hutoa mistari miwili: jina, cheo, tarehe, kwaheri. Barua hiyo haimwambii mwajiri wa Tanga au Nakuru kama ulikuwa unaendesha pampu au unafagia karakana. Andika rasimu mwenyewe, umpelekee mkuu wa kituo aipitie kabla haijaenda kusainiwa. Iwe na maneno ya namna hii:

*"Alihudumu kama mzimamoto katika kituo cha ghala la mafuta kuanzia tarehe … hadi tarehe …, kwa zamu za saa 24. Alikuwa mwendesha pampu wa gari lenye lita 6,000 za maji na lita 1,000 za povu. Aliongoza ukaguzi wa kila siku wa vifaa vya kupumulia, na alishiriki mazoezi ya kuzima moto wa matangi na uokoaji kwenye nafasi finyu."*

Weka takwimu za gari lako mwenyewe, bila chumvi. Mtu atakayekusaili nyumbani anaweza kuwa amefanya kazi kituo cha jirani na chako.

Piga mihuri kwa mpangilio. Barua ya kampuni binafsi kwa kawaida huanzia chemba ya biashara, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Imarati, halafu ubalozi wako. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Ukiruka ngazi moja, ngazi inayofuata haikupokei.

Kwenye safari hiyohiyo maliza na hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya jinai. Ukiwa na kitambulisho cha Imarati kilicho hai unaiomba kwa simu. Ukiwa nyumbani utaanza na alama za vidole na mlolongo wa mihuri kutoka upande wa pili.

Tahadhari kuhusu picha: usihifadhi picha za matukio kama ushahidi wa kazi yako. Sheria ya makosa ya mtandao ya Imarati ya mwaka 2021 inakataza kupiga au kusambaza picha za majeruhi na waathirika wa ajali bila ruhusa. Picha ya mazoezi yenye kibali cha kampuni inatosha kabisa.

## Hatua ya 3: Chukua historia yako ya afya

Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, likitaja hasa saratani ya utando wa mapafu inayoitwa mesothelioma na saratani ya kibofu cha mkojo. Magonjwa haya hayaji kesho. Mesothelioma huweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza. Daktari atakayekuona Kisumu ukiwa na miaka 55 atahitaji kujua mapafu yako yalikuwaje ulipokuwa na miaka 34.

Omba kliniki ya kampuni ikupe, kwa karatasi na kwa faili:

1. Vipimo vya mapafu vya kila mwaka, na namba zake, si neno "kawaida" peke yake
2. Vipimo vya masikio. Pampu na ving'ora huharibu kusikia polepole, na kipimo cha kuanzia kazi ndicho cha kulinganishia
3. Moyo, shinikizo la damu, picha ya kifua
4. Taarifa ya kila tukio ulilovuta moshi, kuungua au kumwagikiwa kemikali
5. Orodha ya chanjo, hasa homa ya ini aina ya B na pepopunda

Omba pia kipimo cha mwisho cha kutoka kazini. Kampuni nyingi hupima anayeingia na kumsahau anayetoka. Ukikataliwa, lipa mwenyewe kipimo cha mapafu na cha masikio kabla bima haijakatwa.

Kisha andika ukurasa mmoja wako binafsi: mwaka, kituo, aina ya moto, kilichokuwa kinaungua. Matairi, mafuta, nyaya, rangi. Kama kituo chako kilitumia povu lenye PFAS, yaani kemikali zisizooza, andika aina na miaka. Hakuna atakayekukumbukia hilo.

## Hatua ya 4: Notisi na hesabu ya kiinua mgongo

Notisi ni siku 30 hadi 90 kulingana na mkataba wako. Soma namba iliyo kwenye mkataba uliosajiliwa. Ukiondoka kabla ya notisi kuisha, fidia ya siku zilizobaki inatoka mfukoni mwako.

Hesabu hufanywa kwa mshahara wa msingi, na hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Posho ya nyumba, usafiri na muda wa ziada havimo. Kwa hiyo zile zamu za ziada ambazo watu huzikimbilia miezi ya mwisho "ili kiinua mgongo kinone" hazikinoneshi hata kidogo. Zinakuchosha tu na kukulia siku za ofisini.

Kanuni: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo, mradi umefikisha mwaka mmoja. Jumla haivuki mshahara wa miaka miwili.

Mfano wa mtu wa miaka 6 kamili, mshahara wa msingi dirhamu 2,500:

- Mshahara wa siku: 2,500 ÷ 30 = 83.33
- Miaka 5 ya kwanza: 21 × 5 = siku 105, sawa na dirhamu 8,750
- Mwaka wa 6: siku 30, sawa na dirhamu 2,500
- Jumla: dirhamu 11,250

Kama jumla ya mshahara wake na posho ni dirhamu 4,000, na akapiga hesabu kwa hiyo, atakuwa amejiahidi dirhamu 18,000. Atakuwa ameshanunua bati kwa pesa ambayo haipo.

Miezi inayozidi mwaka kamili inahesabiwa kwa uwiano. Siku za kutokuwepo kazini bila malipo hazihesabiwi. Ongeza siku za likizo ambazo hukuzitumia, nazo kwa mshahara wa msingi.

Bado kuna wazee wa kambini wanaowaambia vijana kwamba anayejiuzulu hukatwa theluthi. Huo ni utaratibu wa sheria ya zamani. Sheria Na. 33 ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, iliuondoa: ukijiuzulu kwa kufuata notisi unalipwa chote. Malipo yote yanatakiwa ndani ya siku 14 tangu mkataba uishe.

Tahadhari: usisaini karatasi ya "nimepokea haki zangu zote" kabla pesa haijaingia benki. Ofisa atakuambia ni utaratibu wa kawaida tu. Jibu la adabu ni moja: "Nitasaini leo hiihii, pesa ikionekana."

Kuhusu tiketi, mwajiri hugharamia kurudi kwako, ila si ikiwa unahamia kwa mwajiri mwingine au sababu ya kuachishwa ni kosa lako. Aliyejiuzulu asome kifungu cha mkataba wake na aombe jibu kwa maandishi.

## Hatua ya 5: Benki, madeni, na namba ya simu

Funga kadi ya mkopo kwanza. Barua ya kuthibitisha huna deni inaweza kuchukua wiki kadhaa baada ya malipo ya mwisho, kwa hiyo anza zikiwa zimebaki siku 75, si 15. Mwenye mkopo unaoendelea ajue kwamba benki inaweza kuzuia kiinua mgongo kikiingia. Kaa nao mezani mapema mkubaliane. Deni lililotelekezwa linaweza kukuzuia uwanja wa ndege, safari hii au ijayo.

Namba ya simu ya Imarati ndiyo mtego wa kimyakimya. Benki, barua pepe, UAE Pass (programu ya serikali ya utambulisho) na akaunti za vyeti, zote hutuma namba za siri huko. Ukiikata siku ya kuondoka, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Hamisha kila akaunti inayokubali kwenda namba ya nyumbani wiki nne kabla, kisha pakua nyaraka zote zilizo ndani ya UAE Pass. Laini ya malipo ya baadaye ibadilishe iwe ya kulipia kabla, ibaki hai miezi mitatu.

## Hatua ya 6: Mavazi na vifaa, kipi chako na kipi cha kituo

Koti, suruali, kofia na kifaa cha kupumulia ni mali ya mwajiri hata kama jina lako limeshonwa mgongoni. Ukitaka kubaki na buti au glavu, pata barua ya kuachiwa yenye namba ya kifaa. Bila barua, ni wizi.

Kabla ya kushangilia koti ulilopewa, fungua bitana usome tarehe ya kutengenezwa. Viwango vya NFPA huyastaafisha mavazi haya miaka 10 tangu yatengenezwe, yawe yamevaliwa au la. Koti la mwaka wa tisa ni mzigo wa kilo kadhaa usio na maisha.

Lililo zima lisafishe kabla ya kulifungasha: bitana na ganda la nje tofauti, maji yasiyozidi nyuzi 40, bila dawa ya kung'arisha yenye klorini, likaushwe kivulini. Jua la Ghuba hula nyuzi za aramidi. Usilifue kwenye mashine ya kambi ambamo wenzako wanafua mashuka. Lifungashe peke yake kwenye begi la turubai au pipa lenye mfuniko, kamwe si pamoja na nguo za watoto ulizowanunulia.

Mitungi ya hewa yenye shinikizo haiingii kwenye ndege. Redio za mawasiliano zinahitaji kibali, Kenya kupitia Mamlaka ya Mawasiliano na Tanzania kupitia TCRA. Ziache.

## Hatua ya 7: Mizigo

Hapa tupite haraka. Mzigo wa meli hulipiwa kwa ujazo. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 1,000,000. Boksi la 60 × 45 × 45 ni mita za ujazo 0.12, na maboksi nane yanakaribia mita moja. Pima mwenyewe kabla wakala hajaja na futi yake.

Andika orodha ya vitu kwa kila boksi, ulivyovitumia mwenyewe viandikwe hivyo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa vitu vya nyumbani kwa anayehamisha makazi. Kwa Kenya, mamlaka ya mapato, KRA, huangalia kama umeishi nje angalau miaka miwili na kama siku ulizokuwa nyumbani ndani ya miaka hiyo hazifiki 90. Waliolimbikiza likizo wakaja mara mbili kwa siku 60 wahesabu mihuri ya pasipoti kwanza. Mzigo ufike ndani ya siku 90 tangu utue. Televisheni sita si vitu vya nyumbani, na ofisa wa forodha analijua hilo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Usifungashie viatu humo.

## Hatua ya 8: Zamu za mwisho

Mwili uko kituoni, akili iko shambani kwa baba. Makosa ya mtu anayeondoka hayatokei kwenye moto mkubwa, ambako damu inachemka. Hutokea saa moja asubuhi, wakati wa kupokea zamu, kwenye ukaguzi alioufanya mara elfu.

Ukaguzi wa kifaa cha kupumulia ufanye kwa mkono, si kwa kalamu:

1. Soma kipimo cha mtungi. Wa bar 300 usipokelewe ukiwa chini ya 270.
2. Fungua valvu yote, kisha ifunge. Tazama kipimo kwa dakika moja. Kikishuka zaidi ya bar 10, kuna mahali panavuja. Kitoe kifaa hicho kwenye gari.
3. Achia hewa polepole kwa kiganja mpaka filimbi ilie. Kwenye vifaa vya Ulaya hulia kati ya bar 50 na 60. Isipolia, kifaa hakitumiki.
4. Vaa barakoa, ziba njia ya hewa, vuta pumzi. Ibane uso. Ndevu za wiki moja zinatosha kuiharibu. Watu hufuga ndevu wakikaribia kwenda nyumbani kana kwamba zamu imeshaisha.

Mwambie mkuu wa zamu tarehe yako ya mwisho mapema, ili asikupange peke yako kwenye nafasi ya kuongoza mwezi wa mwisho. Anza kumfundisha atakayepokea pampu yako: valvu ngumu, injini inayochelewa kuwaka, bomba la kuhofia. Yaandike kwenye daftari la kituo.

Na simu za ujenzi, za fundi na shangazi, zipewe saa yake, kwa mfano jioni ya siku ya tatu. Fundi anayekupigia usiku wa zamu kuulizia simenti anakunyang'anya usingizi wa nusu saa ambao ungeuhitaji saa tisa usiku.

Umefanikiwa ikiwa: siku ya kukabidhi, orodha ya vifaa imesainiwa na wewe na anayepokea, kila namba ya kifaa ikiwa imeandikwa, na wewe una nakala.

## Hatua ya 9: Uandae mwili na mikono kwa moto wa nyumbani

Kituo cha viwandani cha Ghuba kina mfumo wa mabomba ya maji ya kuzimia moto wenye shinikizo saa zote. Nyumbani, bomba la barabarani linaweza kuwa kavu, au limefukiwa chini ya kibanda. Utategemea boza, mto au bwawa. Kwa hiyo ujuzi wa kunyonya maji, ambao pengine hukuugusa tangu chuoni, ndio wa kuurudia. Omba mkufunzi akupe mazoezi mawili ya kunyonya kutoka tangi la wazi.

Kumbuka hesabu hii. Usawa wa bahari, kinadharia pampu hunyonya maji hadi mita 10, na kiutendaji kama 7. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, nadharia yenyewe hushuka hadi mita 8 na kidogo. Usitegemee zaidi ya 6. Pampu ikikataa kunyonya, si lazima iwe mbovu. Sogeza gari karibu na maji, na kagua kila kiungio cha bomba la kunyonyea, kwa kuwa tundu dogo la hewa linatosha kuua mvuto wote.

Mapafu nayo. Uliyezoea joto la nyuzi 45 usawa wa bahari, ukifika Eldoret utahema kwenye ngazi. Jipe wiki mbili hadi tatu kabla ya kufanya usaili wowote wenye mbio.

Rudia pia kukata nondo. Madirisha ya nyumba zetu yana grili, na mlango mara nyingi ni mmoja. Na madereva: usukani unahamia kulia, gia mkono wa kushoto. Usikubali gari la tani 15 siku ya kwanza.

## Hatua ya 10: Wiki za kwanza nyumbani

Peleka vyeti vikatambuliwe na mamlaka za sifa za kitaaluma: KNQA kwa Kenya, NACTVET kwa Tanzania. Hapa ndipo mihuri ya hatua ya 2 inapofanya kazi.

Kenya, tangu Katiba ya 2010 zimamoto ni kazi ya kaunti, na nafasi hutangazwa na bodi za utumishi za kaunti. Tanzania Bara kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Zanzibar ina kikosi chake, na tangazo la ajira huja na ukomo wa umri. Mwenye miaka 36 asipange maisha yake juu ya mlango huo.

Milango mipana zaidi kwa mtu wa Ghuba ni ya viwandani: bandari, viwanja vya ndege, mabomba ya mafuta, migodi, kituo cha EACOP, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kule Chongoleani, Tanga. Hao wanajua thamani ya NFPA na ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya tangi.

Kuna na njia ya ukaguzi na mafunzo. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka sehemu za kazi zikaguliwe usalama wa moto kila miezi 12, na mkaguzi lazima awe ameidhinishwa na DOSH, idara ya usalama na afya kazini. Omba idhini hiyo kabla ya kuchapisha kadi za biashara. Ripoti ya mkaguzi asiye na idhini haina nguvu, na mteja atadai pesa yake.

Jiandikishe bima ya afya, SHA ukiwa Kenya, au NHIF ukiwa Tanzania, ndani ya wiki ya kwanza. Daktari wa kwanza utakayemwona, hata kama ni kwa mafua, mpe nakala ya faili la hatua ya 3 aliweke kwenye kumbukumbu zake.